Mjerumani aliyeongoza majeshi ya Urusi: maswali matatu kuhusu Münnich

Mwalimu mmoja wa historia wa sekondari ameniandikia hivi: "Nikiandaa somo juu ya Abram Gannibal, Mwafrika aliyefika kuwa jenerali wa Urusi na ambaye ni babu wa mama yake mshairi Pushkin, nimekuta kwamba aliyemtoa Siberia ni jemadari Mjerumani aitwaye Münnich. Ilikuwaje Mjerumani akabidhiwe majeshi ya Urusi? Alikuwa mtiifu kwa nani hasa? Na mbona wengine humsifu kama mjenzi, wengine humwita mchinjaji wa askari wake?"

Mwalimu, nianze na swali lako la katikati, la utiifu, kwa sababu lisipojibiwa hilo, mengine mawili hayaeleweki.

Burkhard Christoph von Münnich hakuwahi kuapa mbele ya taifa lolote. Mwaka 1721, alipoingia katika utumishi wa Urusi, hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na tawala mamia: za wafalme, za maaskofu, za miji huru, na kila utawala ulikuwa na mipaka yake na mara nyingi askari wake. Kabaila mdogo ambaye mashamba ya ukoo hayakumtosha alijifunza kazi ya jeshi, kisha akaenda kwa mtawala mwenye nafasi na mshahara. Hakuna aliyemwita msaliti. Kiapo alikula kwa mtu aliyekalia kiti cha enzi, na mtu huyo akifa, kiapo kilimhamia mrithi. Katika jeshi hilohilo la Urusi alikuwamo Peter Lacy kutoka Limerick, Ireland, na James Keith, Mskoti, ambaye baadaye alikufa vitani mwaka 1758 akiwa jemadari wa Prussia. Wote waliheshimika.

Shida ya Münnich ni kwamba kiti alichokiapia kilibadilisha wakaliaji mfululizo. Peter Mkuu alikufa 1725. Wakafuata mkewe Catherine wa Kwanza, mjukuu wake Peter wa Pili, mpwa wake Anna, mtoto mchanga Ivan wa Sita, Elizabeth binti ya Peter Mkuu, Peter wa Tatu, na hatimaye Catherine wa Pili. Münnich alitumikia saba kati ya hao wanane. Elizabeth, ambaye hakumtumikia, alimfunga miaka 20. Kwa hiyo ukiniuliza alikuwa mtiifu kwa nani, nakujibu: kwa kiti. Ila mara moja, kama utakavyoona, alijipa haki ya kuamua nani akisimamie.

Sasa ilikuwaje akafika huko. Alizaliwa Mei 1683 huko Neuenhuntorf, katika nchi ya Oldenburg iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark. Ni nchi ya mabwawa, tambarare, iliyo karibu usawa mmoja na bahari. Tuta likibomoka, kijiji kinakwenda na maji. Baba yake alikuwa msimamizi wa matuta hayo. Mtoto alikua akichora ramani na kupima mitaro, na naomba ulishike sana jambo hili, kwa kuwa wengi wanaomsimulia hulipita mbio ili wafike vitani.

Akiwa kijana alipigana katika vita vya urithi wa Hispania. Alikuwapo Malplaquet mwaka 1709, na mwaka 1712 huko Denain alijeruhiwa na kutekwa na Wafaransa. Alipoachiwa alirudi Hesse-Kassel, mojawapo ya zile tawala za Kijerumani, kuchimba mfereji, kisha akahamia kwa August wa Pili, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland. Warsaw ndiko Warusi walikompatia. Peter Mkuu hakuwa na upungufu wa watu wa kupiga kelele kwenye gwaride. Alitaka mtu anayejua maji.

Jiji lake jipya la St Petersburg lilikula nafaka iliyotoka bara kwa matishari. Njia ilipitia Ziwa Ladoga, na ziwa hilo lina dhoruba kali. Vyombo vilizama kwa wingi, pamoja na watu na mizigo. Mwaka 1719 kazi ya kuchimba mfereji kandokando ya ziwa ilianza, kutoka mto Volkhov hadi mto Neva, lakini ilikuwa inakwenda ovyo chini ya Skornyakov-Pisarev, mtu wa Menshikov, kipenzi wa Peter. Münnich alikagua akasema waziwazi kwamba vipimo vimekosewa. Kwa mgeni kumpinga mtu wa Menshikov ilikuwa hatari kubwa. Mwaka 1723 Peter alikwenda mwenyewe, akatembea juu ya matope yale, akaona Münnich anasema kweli, akamkabidhi kazi. Alirudi kuitazama mwaka 1724 akiwa tayari mgonjwa, miezi michache kabla ya kufa.

Mfereji ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1730, urefu wa kilomita zaidi ya 110. Maelfu ya askari na wakulima waliuchimba kwa majembe, na wengi walikufa humo. Kwa miongo mingi baadaye jiji lilikula kupitia njia hiyo. Kama ningeambiwa nichague kazi moja tu ya maisha yake, ningechagua hii, wala nisingesitasita.

Wakati makabaila wa Urusi walipomfuata Peter wa Pili kuhamia Moscow, Münnich alibaki St Petersburg akiilinda na kuijenga. Mwaka 1728 alipewa cheo cha graf, yaani kabaila wa juu. Anna alipotawazwa 1730 akamkuta mtu aliye tayari, na mwaka 1732 akampandisha kuwa jemadari mkuu na rais wa Chuo cha Vita, yaani wizara ya jeshi ya wakati ule.

Hapo ndipo Gannibal anapoingia. Kijana yule alikuwa amesomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa na kurudi Urusi mwaka 1723. Peter alipokufa alibaki bila mlinzi, na mwaka 1727 Menshikov akamsukumia mbali hadi Selenginsk, karibu na mpaka wa China, kwa kisingizio cha kazi za ngome. Menshikov mwenyewe alianguka mwaka huohuo, lakini hakuna aliyemkumbuka Mwafrika yule kwenye theluji. Münnich, ambaye sasa wahandisi wote wa jeshi walikuwa chini yake, alimrudisha, na mwaka 1731 Gannibal akapelekwa Pernov, leo ni Pärnu ya Estonia, kufundisha hesabu na uhandisi. Usiwafundishe wanafunzi kwamba ilikuwa huruma tupu. Wahandisi walikuwa wachache, na Münnich alijua kuthamini mtu mwenye elimu ile. Nadhani hilo lina heshima kuliko huruma. Vyeo vikubwa Gannibal alivipata baadaye, kwa Elizabeth, ambaye alimfanya msimamizi wa mifereji ya Ladoga na ya Kronstadt, ngome ya kisiwani karibu na St Petersburg. Alipostaafishwa Juni 1762, mifereji hiyo ilirudi mikononi mwa Münnich.

Kuna mambo mengine mawili ya miaka hiyo ambayo vitabu vya Kirusi vyenyewe humsifia. La kwanza ni mshahara. Tangu enzi za Peter, ofisa mgeni alilipwa takriban mara mbili ya Mrusi wa cheo kilekile. Mgeni huyu ndiye aliyesimamia kusawazisha malipo hayo. La pili ni shule ya makadeti, iliyoamriwa 1731 na kufunguliwa 1732 katika jumba lililokuwa la Menshikov, kwenye kisiwa cha Vasilievsky. Vijana wa kikabaila walifundishwa hesabu, ngome, historia, lugha, hata dansi, na humo ndimo alimosoma Sumarokov, mmoja wa waanzilishi wa tamthilia ya Kirusi. Münnich aliiongoza hadi 1741.

Turudi kwenye ile mara moja niliyokuahidi. Malkia Anna alikufa mwishoni mwa Oktoba 1740, akamwacha Ivan wa Sita, mtoto wa miezi miwili, kwenye kiti, na Biron, kipenzi wake kutoka Courland, kama mtawala wa muda hadi mtoto akue. Münnich alikuwa mmoja wa waliomsukuma Biron kukubali. Wiki tatu baadaye, usiku wa kuamkia 20 Novemba, alikuwa amekula chakula cha jioni mezani kwa Biron huyohuyo. Kulipokucha Biron alikuwa mfungwa. Münnich alikuwa amekwenda kwa mama wa mtoto, Anna Leopoldovna, akapata idhini yake, akachukua walinzi wapatao 80, na kumtuma msaidizi wake Manstein aingie ndani na askari wachache. Manstein alimkuta Biron kitandani na mkewe. Biron alipiga kelele, akapigana kwa ngumi, akazibwa mdomo, akafungwa na kubebwa nje akiwa amefunikwa koti la askari.

Wapo wanaosema Münnich aliiokoa Urusi na mtu aliyechukiwa na kila mtu. Biron alichukiwa kweli. Lakini siwezi kuliita tendo lile utiifu. Mtu aliyekula chakula chako saa chache kabla ya kutuma askari chumbani kwako hakuongozwa na kiapo. Aliongozwa na tamaa ya kuwa wa kwanza. Na alikuwa wa kwanza kwa miezi michache tu. Alitaka cheo cha jemadari wa majemadari wote, kikachukuliwa na baba wa mtoto, Anton Ulrich. Ostermann, Mjerumani mwingine aliyejua siasa za ikulu kuliko yeye, akamzunguka polepole. Machi 1741 Münnich akajiuzulu.

Mpanda ngazi hushuka, na ngazi ya St Petersburg ilikuwa ndefu. Desemba 1741, Elizabeth, binti ya Peter Mkuu, alichukua kiti usiku mmoja akiwa na walinzi, kwa njia ileile ambayo Münnich alikuwa ameionyesha mwaka uliotangulia. Münnich akakamatwa na kushtakiwa pamoja na Ostermann. Inasimuliwa kwamba mahojiano yalipomchosha, aliwaambia waamuzi waandike wenyewe majibu wanayoyataka naye atie sahihi. Akahukumiwa kukatwa vipande vinne. Tarehe 29 Januari 1742 walipelekwa jukwaani. Wenzake walifika na ndevu za gerezani, wamedhoofika. Yeye alifika amenyoa, amevaa joho jekundu, akitembea wima kama yuko mbele ya kikosi. Shingo ya Ostermann ilikuwa tayari imewekwa kwenye gogo ndipo msamaha uliposomwa: badala ya kifo, uhamisho wa maisha.

Münnich alipelekwa Pelym, kijiji cha magharibi mwa Siberia, na humo akafungiwa katika nyumba ambayo mchoro wake aliutoa yeye mwenyewe, kwa ajili ya Biron. Biron alikuwa amehamishwa kwenda mahali penye nafuu. Miaka 20 Münnich alikaa pale, tangu umri wa 58 hadi 78. Mkewe alimfuata kwa hiari. Alilima bustani katika majira mafupi ya joto, alifundisha watoto wa kijiji hesabu, aliendesha ibada. Na aliandika: mipango ya bandari, ya ngome, ya vita vipya dhidi ya Waturuki, kurasa kwa kurasa, akizituma kwa serikali ambayo haikumjibu. Mimi humheshimu zaidi nikimsoma katika miaka hii kuliko katika ushindi wake wote. Hakuna dalili kwamba alijihurumia.

Peter wa Tatu alimrudisha mwanzoni mwa 1762 na kumpa vyeo vyake. Miezi michache baadaye, tarehe 9 Julai, Catherine alimpindua mumewe, na mzee huyu wa miaka 79 alikuwa mmoja wa wachache waliobaki na Peter. Alimshauri akimbilie Kronstadt. Walipofika wakakataliwa kuingia. Akamshauri apige makasia hadi Reval, leo Tallinn ya Estonia, na kulifuata jeshi lililokuwa nje ya nchi. Peter alikataa, akajiuzulu kiti siku iliyofuata. Catherine alipomuuliza kama kweli alitaka kupigana naye, Münnich alikiri: alikuwa tayari kufa kwa ajili ya aliyemrudishia uhuru, na sasa wajibu wake ni kumtumikia yeye. Catherine alimpa usimamizi wa bandari na mifereji, akamtuma Rogervik kwenye pwani ya Baltic. Aliifanya kazi hiyo hadi karibu na kifo chake, 27 Oktoba 1767, akiwa na miaka 84.

Limebaki swali lako la tatu, nami sitalikwepa: je, alikuwa mchinjaji?

Tazama kampeni zake moja moja. Mwaka 1734 alizingira Danzig, leo Gdańsk ya Poland, alikojificha Stanisław Leszczyński, mfalme wa Poland aliyekataliwa na Urusi. Usiku mmoja wa Mei alikimbilia kuvamia kilima cha Hagelsberg kabla ngome haijalegezwa kwa mizinga. Askari wapatao 2,000 waliuawa au kujeruhiwa bila kupata kitu. Mji ulianguka wiki kadhaa baadaye kwa kuzingirwa tu, na Stanisław alishatoroka amevaa nguo za mkulima.

Mwaka 1736, katika vita dhidi ya Waturuki, aliingia Crimea, nchi ya Khan wa Watatari aliyekuwa chini yao, jambo ambalo hakuna jeshi la Urusi lililokuwa limeweza. Alivunja mstari wa ngome wa Perekop, kwenye shingo nyembamba ya nchi inayoingia Crimea, mwezi Mei, akateka Gözleve, akachoma Bakhchisaray pamoja na jumba la Khan. Ukiishia hapo ni ushindi mkubwa. Lakini aliwatembeza watu kwenye nyika ya joto kali katika mraba mmoja mkubwa mno, magari ya mizigo katikati, kwa mwendo wa magari hayo. Watatari walichoma majani mbele yao na kuharibu visima. Mkate ulipungua, maji yalikuwa ya chumvi, kuhara kukaanza, na amri ilikuwa kusonga mbele. Jeshi la watu zaidi ya 50,000 lilipoteza takriban 30,000. Waliouawa na adui ni kama 2,000 tu. Wengine waliuawa na njaa, kiu, maradhi na uchovu. Kisha ikabidi atoke Crimea, maana hapakuwa na cha kula.

Mwaka 1737 alivamia Ochakov, ngome ya Waturuki, bila mizinga mikubwa, kwa sababu mashua zilizoibeba zilikuwa zimechelewa kwenye mto Dnieper. Ghala la baruti la Waturuki lililipuka na kuua maelfu ya walinzi. Bila mlipuko huo, uvamizi wake ungeelekea kuwa Hagelsberg ya pili. Mwaka uliofuata tauni ikaingia na ngome ikaachwa.

Halafu njoo Agosti 1739, huko Stavuchany, karibu na Khotyn. Veli Pasha, jemadari wa Waturuki, alikuwa amejichimbia kwenye miinuko. Safari hii Münnich hakukimbilia ukuta. Alijifanya anashambulia upande wa kulia wa Waturuki, kisha akaweka madaraja juu ya kinamasi cha kijito cha Shulanets, ambacho adui aliamini hakipitiki, akavusha jeshi na mizinga upande wa kushoto. Waturuki wakakimbia. Warusi waliohesabiwa kuuawa siku ile ni 13. Khotyn ilisalimu amri siku mbili baadaye, na Lomonosov, Mrusi aliyekuwa mwanafunzi Freiberg, Ujerumani, akaandika utenzi wa ushindi ule ambao wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa ushairi mpya wa Kirusi.

Watu 13. Kwa sababu hiyo ndiyo siwezi kumtetea kwa hoja kwamba vita vya karne ile vilikuwa hivyo. Alijua kushinda kwa kupima ardhi na maji. Ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Alipotulia na kufanya kazi ya mhandisi, askari waliishi. Alipotaka habari njema ifike ikulu haraka kabla wapinzani wake hawajasema neno, aliwatumia watu kama udongo wa kujazia shimo.

Tena njia nyingine ilikuwepo, na aliyeipita alikuwa katika jeshi lilelile. Mwaka 1737 Lacy alikwepa Perekop kabisa, akaingia Crimea kupitia ulimi mwembamba wa mchanga wa Arabat, akavusha watu maji ya Sivash, wangwa wa kina kifupi, kwa mapipa na mbao. Mwaka 1738 alisubiri upepo uyasukume maji hayohayo, akapita kwa miguu. Naye alipata shida ya chakula na akarudi, lakini hakuacha nyuma yake makaburi ya 1736.